Mashine ya kusaga na kukoboa: badilisha cha rahisi kabla hakijala cha ghali

Leo tunatoka kidogo shambani, twende kwenye kibanda cha mashine.

Vijana wengi wa Kamachumu na vijiji vya jirani siku hizi hawaishii kuvuna. Unalima mahindi, unanunua na ya wenzako, unakoboa na kusaga sembe ya shule na maduka, pumba inabaki kwa kuku na nguruwe wako. Wengine wanatengeneza chakula cha mifugo kabisa: mahindi, pumba, mashudu na dagaa wa ziwani. Naunga mkono mia kwa mia. Shida ni kwamba kwenye mafunzo ya kilimo biashara tunaongea mbegu, mbolea, soko na andiko la mradi. Mashine ikishafungwa na fundi akaondoka, hakuna anayekwambia uiangalie vipi. Unaiwasha asubuhi, unaizima jioni, mpaka siku itakapogoma yenyewe.

Na ikigoma, inagoma vibaya. Tuseme unasaga debe 40 kwa siku kwa sh 1,500 kila debe. Hiyo ni sh 60,000. Ijumaa jioni beringi inakufa. Bukoba mjini unaambiwa saizi hiyo imeisha, unaagiza Mwanza, inakuja kwa basi, fundi ana kazi nyingine, unawasha tena Jumatano. Siku nne, sh 240,000 hazikuingia, na hapo hujalipa beringi, nauli wala fundi. Kama mashine ilinunuliwa kwa mkopo wa kikundi, ile asilimia 4 ya vijana kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, au kwa mkopo wa SACCOS, rejesho halijui kwamba mashine ilikuwa imelala. Tena yule mama aliyekuja Jumamosi na debe lake kichwani hakukusubiri. Ameenda kwa jirani, na huenda akazoea huko.

Sasa shika jambo moja, mengine yote yatafuata. Ndani ya mashine yako kuna vitu vilivyotengenezwa ili viliwe, na kuna vitu ambavyo havitakiwi kuliwa hata kidogo. Nyundo, chekecheke, mkanda, beringi, na kile kisu cha kwenye kinu cha kukoboa, hivyo ni vya kuliwa. Vitakwisha, upende usipende. Shafti, nyumba ya kinu, puli na mota havitakiwi kuisha. Ukichelewa kubadilisha cha kwanza, kinaanza kula cha pili. Beringi iliyokufa ikiendelea kuzungushwa inachimba shafti. Mkanda uliolegea unakula puli. Nyundo iliyoisha upande mmoja inatikisa kinu kizima mpaka beringi mpya nayo inakufa. Ukaguzi wote ninaouongelea hapa ni kukiona cha rahisi kinavyoisha, ukibadilishe kabla hakijagusa cha ghali.

Kabla ya kukagua lolote, ijue mashine yako ikiwa nzima. Siku ambayo inafanya kazi vizuri, simama pembeni dakika tano uisikilize. Chukua simu urekodi sauti yake, ikizunguka tupu na ikiwa na mahindi. Andika inatumia muda gani kusaga debe moja kavu. Hiyo rekodi ni mali. Baada ya miezi mitatu utakapohisi kuna sauti ngeni, huna haja ya kubishana na mwenzako, unacheza rekodi mnasikiliza wote. Muda wa debe nao unasema mengi. Debe lililokuwa linakwenda kwa dakika nne likianza kuchukua sita, kuna kitu kimechoka, hata kama bado inasaga.

Tuanze na beringi, maana ndizo zinazolaza mashine nyingi. Kinu kina beringi mbili, kila upande wa shafti moja. Baada ya saa moja ya kazi, zima, subiri kisimame kabisa, kisha weka kiganja juu ya nyumba ya beringi. Kama unaweza kuhesabu mpaka kumi bila kuondoa mkono, iko salama. Kama unauondoa kwenye mbili au tatu, kuna tatizo. Linganisha na ya upande wa pili pia. Moja ikiwa ya moto na nyingine vuguvugu, hiyo ya moto inaomba msaada hata kama hujasikia kelele.

Wengi wakiona beringi ina joto wanaongeza grisi. Subiri kwanza. Grisi ikizidi nayo inaleta joto, kwa sababu zile gololi zinalazimika kuisukumasukuma ndani ya nafasi ndogo. Unaweka grisi mpaka inafura na kupasua sili, baadaye vumbi la unga linaingia kupitia hapo hapo. Kama kijitabu cha mashine kipo, fuata kinavyosema. Kama hakipo na unasaga kila siku, mara moja kwa wiki, pampu mbili tatu, inatosha kwa kinu kidogo. Futa kwanza kichwa cha grisi kwa kitambaa, la sivyo unapiga vumbi ndani pamoja na grisi. Na usichanganye grisi za aina mbili. Nyingine hazielewani, zinageuka kuwa maji na kutiririka. Chagua moja ya beringi, baki nayo.

Beringi yenyewe utajuaje imeisha? Toa mkanda, shika shafti, inyanyue na kuishusha. Ikicheza, imeisha. Izungushe kwa mkono polepole: ukisikia kama kuna mchanga ndani, imeisha. Usisubiri ipige kelele za kusikika barabarani. Ukibadilisha moja, mwambie fundi akague na mwenzake, maana zimefanya kazi ile ile kwa saa zile zile. Na usikubali beringi igongwe kwa nyundo moja kwa moja kwenye ringi ya nje wakati inaingizwa kwenye shafti. Inaingia, ndiyo, lakini inakuwa imeshaumia kabla haijafanya kazi hata siku moja. Bomba linalokaa kwenye ringi ya ndani ndilo linatakiwa kupokea pigo.

Sasa fungua kinu. Umeme umekatwa kwenye swichi kubwa, si kwenye starta tu, na kama ni injini, imezimwa na kupoa. Utaona nyundo zimening'inia kwenye pini zake. Watu hudhani kinu hiki kinasaga kwa kusugua kama mawe ya bibi. Hapana. Kinapiga. Punje inagongwa na nyundo inayokwenda kasi sana, inapasuka, inapigwa tena na tena mpaka ipite kwenye tundu la chekecheke. Kwa hiyo kona ya nyundo ndiyo inafanya kazi. Nyundo mpya ina kona kali ya mraba. Ikishakuwa ya mviringo, haipasui, inasukuma tu. Mashine inatumia umeme mwingi, unga unatoka wa moto, na debe linachelewa.

Habari njema ni kwamba nyundo nyingi za bapa zina kona nne. Moja ikiisha unageuza, na kama ina tundu pande zote mbili unaigeuza juu chini pia. Ila geuza zote kwa siku moja. Usigeuze tatu ukaacha nyingine. Unaponunua mpya, nunua seti nzima, na kabla ya kufunga zipime kwenye mzani mdogo wa dukani. Zile zinazokaa mkabala kwenye rota ziwe na uzito sawa au karibu kabisa. Ndiyo maana ukiona nyundo moja imevunjika huwezi kuweka moja mpya ukaendelea: nyundo mpya ni nzito kuliko mkabala wake aliyekwisha, na kwa kasi ile tofauti ndogo ya gramu inakuwa mtikisiko mkubwa. Angalia na pini. Pini ikiwa imechimbwa mfereji, nyundo haichezi huru, na siku moja itakatika ikiwa kasi.

Nimetaja kasi, nimalize hapo. Mota nyingi za umeme wa njia tatu tunazotumia huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika. Ukiweka puli ya inchi 10 kwenye mota na ya inchi 5 kwenye kinu, kinu kinazunguka mara 2,900. Kuna vijana wanaopenda kuharakisha, anabadilisha puli ya kinu kuweka ya inchi 4. Hesabu yake: kinu sasa kinakwenda mara 3,625. Kwa siku chache atafurahi. Lakini kama kinu kilitengenezwa kwa kasi ya chini ya hapo, nguvu inayozivuta nyundo kutoka kwenye pini inapanda zaidi ya mara moja na nusu. Nyundo ikitoka humo ndani, bati la nyumba ya kinu halitaizuia lazima. Soma kibati cha mtengenezaji, au uliza aliyekutengenezea, kabla hujagusa saizi ya puli.

Chekecheke. Hili ndilo linaloamua unga wako. Kwa unga wa ugali tundu huwa karibu milimita 1 au pungufu kidogo. Chakula cha kuku kinataka tundu kubwa zaidi, milimita 3 au 4, ukisaga laini sana kuku wanakula kwa shida na vumbi linawaziba pua. Kila asubuhi, litoe, liinue kwenye mwanga wa mlango. Unatafuta tundu lililochanika, tundu lililokuwa la mviringo likawa refu, na sehemu iliyoziba. Mteja akilalamika kwamba unga una chenga, usibishane naye, angalia chekecheke. Tundu upande unaopokea kipigo huanza kuisha mapema, kwa hiyo machekecheke mengi unaweza kuyageuza mwisho kuwa mwanzo yakafanya kazi tena. Lakini likishachanika usilishone kwa kuchomelea. Ile chomeleo ikidondoka inaingia kwenye unga wa watu.

Hapo kwenye chuma ndani ya unga, tukae kidogo. Kila nyundo inayopungua, ule uzito uliopungua umekwenda wapi? Haukupaa. Umeenda kwenye unga. Ukiwa na nyundo mbovu, chekecheke linaloguswa, au mahindi yenye misumari na vipande vya waya kutoka kwenye magunia, unawalisha wateja wako chuma. Fanya jaribio wewe mwenyewe: chukua sumaku, ile ya spika mbovu ya redio inafaa, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, ipitishe polepole ndani ya unga wa debe moja. Angalia kilichonata. Sumaku nzuri ikae kwenye mdomo wa hopa, mahali punje zinapopita kabla ya kuingia, na nyingine pale unga unapotokea. Zifutwe kila siku. Ukitaka kuuza unga kwenye mifuko yenye jina lako na kutafuta alama ya TBS, sumaku hutaikwepa.

Kitu kingine kinachokula nyundo na chekecheke ni mchanga. Na sisi watu wa kando ya Ziwa Victoria tuna mchanga wa namna yake: dagaa. Dagaa walioanikwa chini kwenye mchanga wa mwalo huja na mchanga wao, na mchanga ni mgumu kuliko punje yoyote. Seti ya nyundo ambayo ingesaga mahindi kwa muda mrefu inaisha haraka kwenye dagaa. Nunua dagaa walioanikwa juu ya chanja, hata kama bei iko juu. Utaipata tofauti kwenye nyundo, na kuku wako hawatakula mchanga kwa bei ya protini. Ukilazimika kuchukua wa mchanga, wapepete kwenye wavu kabla ya hopa.

Dagaa wana neno lao jingine. Mafuta yao yananata ndani ya kinu na kwenye mfuko wa kukusanyia unga, harufu yake inahamia kwenye sembe. Shule ikishapokea unga unaonuka dagaa, zabuni umeipoteza. Kama uwezo upo, tenganisha vinu. Kama huna, saga chakula cha mifugo mwisho wa siku, kisha fungua, kwangua, pitisha pumba kavu debe moja, na uwe na mfuko na chekecheke la chakula cha mifugo peke yake. Mabaki yaliyoganda kwenye kona yakilala humo na unyevu wa huku kwetu, yanaota ukungu. Mnakumbuka mwaka 2016 watu walivyougua na wengine kufariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu kwenye mahindi. Sumukuvu huanzia shambani na ghalani zaidi, lakini kinu kichafu hakina sababu ya kuongezea.

Unyevu ni adui wa mashine pia. Ukanda wetu wa ziwa unapata mvua nyingi, upande wa Bukoba inafika kama milimita 2,000 kwa mwaka, na mteja anakuletea mahindi aliyoanika siku mbili kati ya mawingu. Mahindi mabichi hayapasuki, yanapondeka. Yanaziba chekecheke, mota inanguruma, mkanda unateleza na kuungua. Kama huna kipima unyevu, tumia chupa na chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi robo yake, weka chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa dakika moja, acha kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, mrudishie mwenyewe akayaanike. Mwambie kwa upole, "Mama, nikiyasaga hivi unga wako utaoza ndani ya wiki." Hatakasirika. Akikasirika, bado ni nafuu kuliko mota.

Mkanda. Ule wa umbo la V unakaa kwenye kingo za mfereji wa puli, haukai chini kabisa. Ukiona chini ya mfereji wa puli panang'aa, ujue mkanda umeisha, au puli imekwisha, na mkanda unateleza. Ubane katikati kwa kidole gumba: kama kutoka puli hadi puli ni mita moja, ushuke kama sentimita moja na nusu. Ukishuka sana unateleza, ukikaza kama waya wa gitaa unaziua beringi za kinu na za mota kwa pamoja. Mikanda ikiwa miwili au mitatu, badilisha yote kwa mara moja, kwa sababu mpya ni mfupi kuliko wa zamani uliovutika, utabeba mzigo wote peke yake na kukatika. Kuhakikisha puli zimenyooka, nyoosha uzi toka ukingo wa puli moja hadi nyingine. Uzi uguse sehemu nne. Na tafadhali, ile tabia ya kupaka gundi, sabuni au soda ili mkanda ushike, iacheni. Inashika nusu saa, kisha inakusanya vumbi na kuharibu mpira. Mkanda unaoteleza unataka kukazwa, kubadilishwa au kupunguziwa mzigo, basi.

Kwenye kinu cha kukoboa mambo ni machache. Hiki cha silinda ya chuma yenye mbavu, chekecheke chini na kisu pembeni, muundo wake ni wa zamani kweli. Ulibuniwa Brazili na Evaristo Conrado Engelberg mwaka 1885, kwa ajili ya kahawa na mpunga, na mpaka leo haujabadilika sana. Kisu ndicho kinachobana punje dhidi ya silinda. Kikiisha, watu wanakaza mlango wa kutokea ili mahindi yakae ndani zaidi, matokeo yake yanavunjika na pumba inabeba nusu ya sembe. Badala ya kukaza mlango, legeza boliti, sogeza kisu karibu kidogo, au kigeuze upande mzima. Kisiguse silinda. Zungusha kwa mkono kabla ya kuwasha, usikie kama kuna chuma kinachogusana. Na kwa kuwa tuko Kamachumu, nitasema kabla sijaulizwa: kahawa ya maganda usiiingize humo, hata kama mashine ilibuniwa kwa ajili yake. Kahawa yetu ina utaratibu wake wa kukusanywa na AMCOS na kukobolewa kiwandani.

Wenye umeme. Kwa miaka mingi umeme wa mkoa wetu umetoka Uganda kupitia kituo cha Kyaka, na sisi wa mwisho wa laini tunajua volti zinavyopanda na kushuka. Mota ya njia tatu inapopoteza njia moja, haizimiki yenyewe. Inaendelea kuzunguka kwa kunguruma, inavuta umeme mwingi kwenye njia mbili zilizobaki, na ndani ya muda mfupi waya zake zinaungua. Kusuka mota upya ni gharama inayoumiza. Kwa hiyo kuna vitu viwili havina mjadala: ovalodi iliyowekwa kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, na kifaa kinachokata pale njia moja inapopotea. Fundi akikwambia ameifunga ovalodi moja kwa moja "ili isikusumbue," mwambie airudishe kabla hujamlipa. Inakusumbua kwa sababu kuna kitu kinakuumiza. Asubuhi pima kati ya njia na njia, usome karibu volti 400. Ukisoma chini ya 360, subiri. Washa kinu kikiwa tupu, acha kishike kasi, ndipo ufungue hopa. Jioni piga brashi kava la feni ya mota, kwa sababu unga ukiliziba mota haipumui.

Wenye injini ya dizeli, adui wenu ni vumbi la unga kwenye chujio la hewa. Injini inayokaa kibanda kimoja na kinu inavuta unga kutwa nzima. Ikiwezekana muwe na ukuta kati yao, au mpeleke bomba la hewa nje. Chujio likague kila siku, oili pima kila asubuhi kabla ya kuwasha, maji kwenye tangi la kupoozea yasipungue. Oili ibadilishwe kwa saa za kazi, si kwa rangi. Saa 100 ni kipimo kizuri kwa injini nyingi ndogo kama kijitabu hakisemi vinginevyo. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi mapema, hivyo weusi peke yake haukwambii kitu.

Usalama sikuuweka mwisho kwa sababu ni mdogo. Mkanda usio na kava umewakata watu vidole, umevuta khanga na mitandio. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka uzibe sehemu zinazozunguka, na mkaguzi wa OSHA akikuta wazi ana haki ya kukuchukulia hatua. Lakini acha mkaguzi. Mama amekuja na mtoto mgongoni, mwingine anamshika mkono, foleni ndefu, wewe unaangalia hopa. Kava la bati na wavu halifiki hata nusu ya bei ya mkanda na nyundo kwa mwaka. Weka na kizuizi, hata cha mbao, wateja wakae upande wao. Unapofungua kinu, toa fyuzi uitie mfukoni mwako, mwenzako asije akawasha akidhani umemaliza. Na kumbuka rota inaendelea kuzunguka muda baada ya kuzima, bila kelele. Usifungue mpaka uone puli imesimama. Hakuna sigara wala jiko ndani ya kibanda. Vumbi laini la unga likijaa hewani linalipuka likipata moto. Vaa barakoa pia, mapafu yako hayana chekecheke.

Sasa daftari. Nunua la kurasa 96, lifunge kwa kamba kwenye ukuta. Kila siku andika debe zilizosagwa, volti za asubuhi, na chochote ulichogusa: "nyundo zimegeuzwa," "grisi," "chekecheke jipya." Baada ya msimu mmoja utajua kwamba seti ya nyundo kwako wewe, kwa mahindi yako na dagaa wako, inakaa debe kadhaa. Hesabu hiyo hakuna muuzaji atakayekupa, kwa sababu haijui kazi yako. Ukishaijua, unanunua kabla ya kuisha, na unagawa bei ya nyundo kwa idadi ya debe ukaona inakula shilingi ngapi kwenye kila debe unalotoza. Kuna vijana wanashusha bei ili wavute wateja bila kujua kwamba wanasaga nyundo zao bure.

Na sanduku la vipuri liwe na vitu hivi: beringi mbili za saizi yako, namba yake iliyochongwa ubavuni umeiandika daftarini, seti moja ya mkanda, chekecheke moja la kila tundu unalotumia, seti ya nyundo na pini, boliti na nati chache. Ukiwa na kikundi chenye mashine zinazofanana kata moja, nunueni sanduku moja kwa pamoja. Vipuri vya bandia vipo. Beringi nyepesi mkononi kuliko ile uliyotoa, yenye maandishi yaliyochapwa kwa rangi badala ya kuchongwa, iache dukani. Kwa vinu vya hapa nchini, ofisi ya SIDO Bukoba ni mahali pazuri pa kuuliza fundi wa kuchonga shafti au kusawazisha rota.

Boliti za msingi nisizisahau. Mtikisiko huzilegeza, na zikilegea mtikisiko unaongezeka. Jumamosi jioni, spana mkononi, zunguka moja baada ya nyingine. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bati. Nati ikisogea mstari unakatika, unaona kwa macho bila kugusa.

Kuna miezi kazi inapungua, ndizi zimejaa na mahindi hakuna. Usifunge mlango tu ukaondoka. Safisha kinu kikauke, paka oili nyepesi nje ya nyundo na kwenye chuma kilicho wazi, legeza mkanda, piga grisi, na kila wiki zungusha shafti kwa mkono mara chache ili gololi zisikae mahali pamoja zikashika kutu. Funika kwa turubai linalopitisha hewa, si nailoni inayokusanya jasho. Msimu ukirudi, futa ile oili yote, kaza mkanda, washa tupu robo saa huku ukicheza ile rekodi ya simu, kisha pitisha debe la kwanza la pumba na uwape nguruwe. Debe la mteja liwe la pili.